Nondo Nne za Bimu ya Katikati

Watu wa Musoma wakiona picha zangu huuliza swali moja: hiki ni nini? Nikiwajibu kwamba ni jukwaa la mafundi, ni nondo, ni ukuta kabla ya plasta, hucheka. "Rhobi, hii ni mistari tu." Siku hizi siwabishii. Ingekuwa mistari tu, ningekuwa na amani.

Kinachonilisha ni fulana za misiba na sare za kwaya. Nina fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa cha neti. Nasukuma wino juu yake kwa kipande cha mpira, na sura ya marehemu inatoka mara themanini bila kubadilika. Lakini moyo wangu uko kwenye majengo yasiyokwisha. Nyumba ikishapigwa rangi hainihusu tena. Naitaka ikiwa bado mifupa iko nje, na nina sharti moja nililojiwekea kwa jeuri yangu mwenyewe: siongezi mstari, sipunguzi. Kilichosimama ndicho ninachochapa.

Baba yangu, fundi Burito, ndiye aliyeniambukiza. Alitoka Butiama na mwiko na timazi, akaja kujenga Bweri wakati bado ni mashamba, nami nilikuwa nakaa juu ya rundo la matofali nachora. Mwaka jana alipata kazi kubwa kuliko zote: nyumba ya ghorofa ya Mama Adventina, muuguzi mstaafu. Chini vyumba vya biashara, juu chekechea. Siku moja kabla ya kumwaga zege nilipanda jukwaani nikaichora bimu ya katikati, ile inayobeba sakafu ya juu.

Wiki hiyohiyo baba aliniletea zawadi. Alikuwa amenichomelea kichanja cha kukaushia picha, kirefu, cha nondo mpya nene. Mafundi wenzake walimtania kwamba kinaweza kubeba ng'ombe.

"Ni mabaki ya saiti," aliniambia. "Uache kuanikaga kazi zako kwenye kamba kama nguo."

Nilifurahi mpaka nikalia. Picha ya kwanza kukauka pale ilikuwa ya bimu: mistari minne myeusi, imelala juu ya rangi ya tofali.

Mwezi wa nane, sakafu ya juu ikiwa imeshapigwa plasta, nilitundika picha zangu kwenye ukumbi mmoja wa Kitaji. Mama Adventina alikuja baada ya misa, na baba nyuma yake, amevaa koti lake la harusi za watu. Nikamweleza mama huyo sharti langu, kwa maringo. Akapita picha moja moja, akasimama mbele ya ile ya bimu. Maisha yake yote amehesabu vidonge na matone ya dripu, hawezi kuona vitu vimepangwa asivihesabu.

"Hii si bimu yangu?"

"Ndiyo, mama. Ile ya katikati."

Akafungua pochi, akatoa ramani ya nyumba aliyokuwa akitembea nayo tangu siku ya msingi. "Mimi huku nina nondo sita chini ya bimu. Hapa naona nne."

Nilimtazama baba. Alikuwa anatazama mikono yake. Hakuna aliyehitaji kunieleza. Nilikiona akilini kichanja changu kule nyumbani, nondo mbili ndefu zilizokatwa na kuchomelewa kwa ajili yangu. Zege lilikuwa limeshashika. Ushahidi ulibaki mmoja tu, na niliuchapa mimi.

"Mama, huyu ni msanii," baba akasema taratibu. "Hawa wanachoraga wanavyojisikia."

"Sijakuuliza wewe, fundi. Namuuliza huyu aliyesema hapunguzi." Akanigeukia. "Mwanangu, kule juu naweka watoto wa watu."

Nilimchukia baba dakika ile. Angeiba akanywea pombe, ningejua la kusema. Lakini aliiba ili anipe mimi zawadi, na sasa amesimama na koti lililofumuka kwapani, mzee mzima, anasubiri nimuue au nimwokoe mbele ya watu. Nikamhurumia, nikajichukia kwa kumhurumia.

"Nilipunguza, mama," nikasema. "Sita zilibanana. Picha ilikataa."

Akashusha pumzi, akacheka, akanishika bega. "Ulitaka kuniua na presha, wewe."

Nilidhani yameisha. Wiki iliyofuata akaniita Bweri, akanipa chumba cha katikati pale chini, bure, niwe nachapia humo. Alisema picha ya nyumba ikae ndani ya nyumba. Ningekataaje? Kwa sababu gani ya kutamkika?

Kichanja alikibeba baba mwenyewe. Akakisimamisha ukutani, hakuinua macho.

"Baba, nne zinatosha?"

"Zinatosha. Nimejengaga miaka thelathini."

"Basi kaa, nikuwekee chai."

Akasema ana haraka. Mpaka leo hajawahi kukaa humu. Akija husimama mlangoni, mguu mmoja nje.

Mimi nimo kila siku. Juzi Mama Adventina alishuka na ombi: nimchapie nyingine ya bimu, ya kutundika kwenye mlango wa watoto. "Safari hii usipunguze," akasema, na tukacheka wote wawili.

Nimeichapa leo asubuhi. Mistari minne niliitoa kwenye daftari langu la siku ile, miwili nikaitunga. Hiyo miwili imetoka minyoofu, huwezi kuitofautisha. Ilipofika saa nne watoto walimaliza uji wao, wakaanza kuruka kamba juu ya kichwa changu. Nikaichukua picha, nikazianika zile nondo mbili za wino juu ya zenyewe, pale kichanjani.