Jeti ya Mlimani

Mwaka huo mama yangu alitaka kitu kimoja tu: kufika kwenye mkutano wa wenzake wa kiwanda cha mbao akiwa juu ya pikipiki yake. Si kwa basi, wala kwa lifti ya mtu. Wanawake waliofukuzwa kazi pamoja naye siku moja hukutana kila mwaka nyumbani kwa mmoja wao, huko juu mlimani, na safari hii habari zilikuwa kwamba hata msimamizi wao wa zamani atakuja. Amezeeka, anataka kuonana na watu. Na huyo msimamizi, kokote apitapo, wimbo wake ni mmoja: "Yule Mama Mikate nilimpa pikipiki nzima. Kwa huruma yangu."

Huruma! Nilikuwa mtoto, lakini kichwa changu hakimwagi kitu. Wanawake waliomba glavu, kwa sababu misumeno ilishaonja vidole vya watu. Wakaonyeshwa geti. Walipokwenda kuchukua vitu vyao, msimamizi akawapeleka nyuma ya banda, kwenye lundo la vyuma chakavu, akacheka mbele ya makarani wake: "Haya, zawadi ya kuagana. Kila mtu achukue anachoweza kubeba." Wengine walitema mate wakaondoka. Mama akaburuta kutoka lundoni pikipiki iliyokuwa ikitoa moshi kama tanuri la mkaa, ambayo madereva wote wa kiwanda walikwisha kuisusa. Akaisukuma hadi nyumbani, mimi nimekaa juu ya kiti chake kama mkubwa fulani. Baadaye pikipiki hiyo hiyo ikawa inaupanda ule mlima imejaa mikate, inapita mbele ya geti lile lile, na mama anapiga honi hata kama barabara ni tupu.

Sasa mama amehamia kwangu, huku bondeni, na pikipiki ililetwa na lori. Kufika tu, ikagoma. Ukiiwasha, inanguruma. Ukienda mwendo wa bibi harusi, inakubali. Lakini ukiifungulia mafuta yote inakohoa, inakata pumzi, na injini inapata moto hadi unanusa chuma. Jumamosi, siku ya mkutano, ilikuwa inakaribia, na mama alikuwa ameanza kuuliza nauli ya basi kwa sauti ya mtu asiyetaka kujibiwa.

Ufundi sikuusomea popote. Nimejifunza kwa kufungua na kuharibu. Nikaanza na mambo mepesi: nikasafisha tangi, koki, chujio la hewa, nikabana kila mpira unaoweza kuvuja. Nikachomoa plagi, kile kipande cha kutoa cheche. Plagi yenye afya ina rangi ya chai ya maziwa. Ikiwa nyeusi, injini inalishwa petroli kupita kiasi. Hii ilikuwa nyeupe kama chokaa. Nikajaribu tena barabarani, na pale ilipoanza kukohoa nikavuta choki nusu ili petroli iongezeke. Ikapata nguvu papo hapo, kama mtu aliyepewa maji. Basi nikajua: ina njaa. Mafuta hayaitoshi.

Nikafungua kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, nikampelekea fundi wa ng'ambo ya barabara, mtu mwenye mdomo mrefu kuliko benchi lake. Akaichomoa jeti, kile kipande cha shaba kisichozidi punje ya mahindi, chenye kitundu cha kupitisha petroli. Akakiinua kwenye mwanga.

"Dada, aliyekuwekea hii mlikuwa na ugomvi?"

"Kwa nini?"

"Hii si ya pikipiki hii. Ni ndogo. Injini inalishwa kwa kijiko cha mtoto mchanga. Achana na mzee huyu, nikufungie kabureta mpya. Ninayo hapa, bado iko kwenye boksi lake."

"Yaani mtu aliibadilisha?"

"Haikujibadilisha yenyewe. Na aliyeibadilisha alitaka kuiua injini, nakuambia."

Damu ikanipanda. Nilirudi nyumbani na kabureta mkononi, inanidondokea petroli viatuni, ninasema peke yangu barabarani mpaka watu wananipisha. Mama alikuwa kibarazani anashona kifungo.

"Mama! Yule mtu alikuhujumu! Alikutupia pikipiki aliyokwisha kuiharibu kwa makusudi!"

"Mtu gani tena?"

"Msimamizi wako! Ameweka jeti ndogo ili injini ife. Jumamosi nitamsimamisha mbele ya watu wote, nitamwambia..."

Mama alicheka mpaka miwani ikamteleza. "Kipaza sauti changu wewe. Hasira yako haisubiri hata viatu vivuliwe. Hiyo jeti niliiweka mimi."

Nikakaa chini bila kutafuta kiti.

"Kule juu hewa ni nyepesi," akasema, huku akiivuta sindano. "Injini inavuta hewa kidogo, lakini petroli inakuja ile ile. Ndiyo ule moshi mweusi. Madereva wakasema imekufa, kumbe ilikuwa inazama. Nilijua kutokana na jiko la mafuta ya taa. Ukilinyima hewa, si linatoa masizi? Basi nikarudi kwenye lile lundo nikachomoa jeti za pikipiki ndogo zilizokufa. Naweka moja, napanda mlima, nachomoa plagi, naitazama. Haifai. Naweka nyingine. Mpaka plagi ikatoka na rangi yake. Huku bondeni hewa ni nzito, kwa hiyo jeti ile inaipa njaa. Basi."

"Na hukuniambia miaka yote hii?"

"Ulikuwa unahutubia."

Akaingia ndani, akarudi na kopo la vifungo. Chini kabisa, imeviringwa kwenye kitambaa, ilikuwapo jeti ya zamani, ile iliyokuja na pikipiki. Tukaifunga jioni hiyo hiyo. Nilipopita mbele ya fundi nimeifungulia mafuta yote, alisimama na spana yake akaitazama ikiyoyoma. Nami nikapiga honi. Tabia hiyo nimeirithi.

Jumamosi mama akavaa koti, akanionyesha kiti cha nyuma. "Aliyeiendesha kule miaka yote ndiye atakayeiendesha kurudi."

Bondeni pikipiki ilikwenda kama imezaliwa jana. Tulipoanza kupanda, ikaanza kuwa nzito. Kona baada ya kona ikawa inagugumia, na nyuma yetu moshi ukawa mweusi. Mama hakushtuka. Akaegesha ukingoni, akafunga koki, akatandika mtandio wake chini ya injini ili kisipotee kitu, akatoa bisibisi kwenye mkoba.

Alikuwa amekwisha kuifungua jeti wakati gari liliposimama. Aliyekuwa anaendesha ni mkwe wa msimamizi. Msimamizi mwenyewe akashuka na fimbo yake, mdogo kuliko nilivyomhifadhi kichwani.

"Mama Mikate! Bado unayo ile pikipiki yangu?"

Nikafungua mdomo. Mama akanigusa mguu, nikafunga mdomo. Sijui kama nimewahi kufanya kazi ngumu kuliko ile.

"Bado ninayo yangu," akajibu, bila kuinuka. "Hebu nyoosha mkono."

Mzee akanyoosha. Mama akamwekea kiganjani ile jeti, bado imelowa petroli.

"Nishikie. Isidondoke. Hiyo ndiyo uliyonipa wewe, pamoja na moshi wake. Ule moshi unaukumbuka?"

Akalitazama bomba la moshi, jeusi kwa masizi. "Nakumbuka. Tulisema imekufa."

"Mlisema." Akatoa jeti ndogo kutoka kwenye kitambaa, akaipuliza, akaikaza. "Na hii niliipata mwenyewe, kwenye lile lundo ulilotuchekea."

Mzee alisimama pale juani kiganja wazi, anakilinda kile kipande kama yai, mpaka mama alipomaliza kufunga, akafungua koki, akapiga kiki. Ikawaka, sauti safi, bila moshi hata kama wa sigara.

"Lete jeti yangu," mama akasema. "Nitaihitaji nikishuka."

Akampa.

Tulifika kabla ya gari lake. Wanawake walitoka uani na vikombe mikononi, wakaizunguka pikipiki, wanaipapasa tangi, wanacheka, mmoja analia. Vidole havikutimia kwa wote. Gari nalo likaingia, na mwenye nyumba, mwanamke mwenye ulimi usioogopa mtu, akauliza kwa makusudi, uso kwa msimamizi:

"Mlima wote huu, na chuma hiki? Nani ameitengeneza?"

Mzee akajiegemeza kwenye fimbo. "Mwenyewe," akasema polepole. "Mimi nilimshikia tu."

"Sema kwa nguvu. Masikio yetu yaliziba kwa misumeno yako."

Akarudia, kwa sauti ya kiwandani, ile ile iliyokuwa ikituamsha hadi sisi watoto: "Aliitengeneza mwenyewe! Mimi nilimshikia tu!"

Mama alikuwa amekwisha kuinama, anachomoa plagi ili aitazame rangi.