Maswali Yapo, Majibu Hayapo

Naandika haya kwa mzazi yeyote mwenye mtoto anayeshinda na hedifoni masikioni. Kalamu si kazi yangu. Mimi ni fundi cherehani, nimeishia darasa la saba, na daftari hili ndilo ninaloandikia vipimo vya wateja, kwa hiyo ukikuta kiuno na urefu wa mguu pembeni, usishangae. Lakini lililotupata limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na nikilinyamazia litampata mwenzangu.

Kitinda mimba wangu tunamwita Chiriku. Jina alilibeba tangu ana miaka miwili, maana alikuwa hanyamazi hata chakula kikiwa mdomoni. Mwaka huu alipata kazi ya kuchapa. Si kuchapa barua. Kuna baraza ambalo watu waliogombana na waajiri wao, au majirani waliogombana mipaka, wanaitwa na kuhojiwa. Maneno yao yananaswa kwenye mashine, kisha mchapaji anayasikiliza na kuyaandika neno kwa neno, mpaka kikohozi.

Jioni ya siku ya kwanza alikuja kunieleza nikiwa napiga pindo. Akanishika masikio yote mawili kama mtu anayepima kofia.

"Mama, sikia. Mezani kuna vinasa sauti viwili. Anayeuliza anakuja sikio la kulia. Anayejibu anakuja la kushoto. Hata wakizomeana kwa pamoja, mimi nawatenganisha."

"Kama kuchambua mchele."

"Kama kuchambua mchele, mama. Ila mchele huu unatukana."

Tulicheka. Yashike hayo ya kulia na kushoto, maana ndipo habari yote ilipo.

Ofisi ilisema hedifoni kila mtu aje na zake, masikio hayaazimwi. Chiriku alitaka ndogo, za kukunja, ziingie kwenye mkoba, kwa sababu siku nyingine kazi anakuja nayo nyumbani. Na alitaka sauti safi, kwani mashahidi wengine wanaongea kama wana ugali mdomoni. Alikuwa kwenye miezi sita ya majaribio. Akikosea kosea, anaondoka.

Tukaenda kwa Mama Chaji. Huyu alianza kwa kuchajia watu simu, sasa ana duka la upana wa mlango mmoja, waya zimening'inia hadi unainama kuingia. Akatuuliza, "Mnataka za kishindo au za maneno?"

"Kuna tofauti?" nikauliza.

"Mama, tofauti ya mbingu na ardhi. Wanaotaka muziki nawapa za kishindo, kifua kinatetemeka, wanalipa wanaondoka wanacheza. Anayetaka maneno, kishindo kinamzibia. Huyu mwanao mpe zinazosema *s* ikasikika *s*."

Chiriku akajaribu jozi sita, kila moja kwa maneno ya taarifa ya habari, si kwa muziki. Mimi nilikagua ninachokijua. Nikavuta ngozi ya vile vimito vya masikioni, nikahesabu mishono, nikakuta jozi moja uzi umerukwa. Mama Chaji akasema, "Jamani, amekuja kununua sauti, wewe unanunua mto!" Lakini tulichukua zilizoshonwa vizuri, na kweli zilikuwa nzuri. Zinakunjwa zinakuwa kama andazi, zinaingia mfuko wa koti. Mwezi mzima mwanangu alifanya kazi bila neno.

Kisha ikaja Jumatatu moja. Aliamka akasema sikio la kushoto limeziba, na ndani kuna mlio kama friji. Nikamwambia ni mafua. Nilimchemshia maji ajifukize, nikarudi kwenye cherehani. Nilikuwa na sare za shule za kumaliza, wiki mbili kabla ya kufungua, na kila mzazi ananiona mwongo.

Jioni akaja na hedifoni mkononi. "Mama, zimekufa upande mmoja."

Hapo ndipo tulipopotea njia. Ona jinsi ilivyo rahisi. Asubuhi sikio, jioni hedifoni, upande ule ule, na mimi niliyemzaa sikuunganisha. Kitu kipya kikiharibika mtu anawaza duka.

Kesho yake asubuhi, kabla hajaenda kazini, nikazirudisha. Mama Chaji akazivaa, akasema zinafanya kazi, nikasema mwanangu si mwendawazimu, akanibadilishia. Siku tatu baadaye Chiriku akarudi nazo. Hizi nazo kushoto hakuna kitu. Safari hii nilimvaa Mama Chaji mbele ya wateja.

"Unatuuzia makapi!"

"Shoga yangu, tangu asubuhi nimeuza jozi nne kama hizo, hakuna aliyerudi. Shida ni wewe tu?"

"Shida ni wewe na mzigo wako!"

Tukachukua jozi ya tatu, ya bei ya juu, nikiongezea pesa ninazojua mwenyewe nilizitoa wapi. Na Chiriku akawa anaongeza sauti mpaka mwisho, akiyafukuza yale majibu. Nilikuwa nasikia mtu anaulizwa maswali kutoka upande wa pili wa meza, hedifoni zikiwa kichwani kwake.

Nyumbani naye akabadilika. Nikimwita kutoka jikoni, anageukia mlangoni. Nikimwambia leta mkasi, ananiuliza nani. Mezani alihama kiti, akawa ananipa shavu la kulia tu, kama mtu aliyechukizwa. Nikaona kiburi cha mshahara. Siku moja nimemwita mara tatu, nikarusha kipande cha chaki kikamgonga bega.

"Sikio la kufa halisikii dawa!" nikamwambia.

Kisha akasema, "Nimekusikia, mama," akaenda kuleta mkasi, na wakati huo nilichomwagiza kilikuwa uzi.

Mzazi mwenzangu, methali ile mimi siitumii tena.

Ofisini msimamizi wake akaanza kumrudishia kurasa. Juu ya moja aliandika kwa kalamu nyekundu: *Maswali yapo, majibu hayapo.* Chiriku alinionyesha. Ilikuwa kweli. Swali limeandikwa vizuri, na chini yake nukta, nukta, nukta. Swali jingine, nukta. Kama mtu anayeongea na ukuta. Na wale waliokuwa wanajibu ni watu waliofukuzwa kazi, wanaoeleza shida zao, na maneno yao hayapo.

Jumapili alipokwenda kuoga, nikachukua ile jozi ya tatu nikaivaa. Najua kazi za baraza si za kusikilizwa na kila mtu, na Mungu anisamehe. Nilisikiliza kidogo tu. Kulia mwanamume akauliza, "Ulifika kazini saa ngapi?" Kushoto mwanamke akajibu, wazi kabisa, na pumzi yake naisikia, "Saa kumi na mbili, mzee, kabla hata mlinzi hajafungua."

Wote wawili! Nikakaa nao pale kitini, moto ukinipanda. Mimi cherehani yangu ikikosa tone la mafuta naisikia nikiwa uani. Nisingeweza kukosea sauti. Sasa sikilizeni fikra iliyonijia, na nisiifiche. Sikuwaza sikio. Niliwaza mwanangu ananidanganya. Niliwaza kazi imemshinda, au anataka zile kubwa za kifahari alizoziona kwa wenzake, ndiyo maana kila jozi anaitia ila.

Alipotoka nikamwambia, "Nimewasikia wote. Anayeuliza na anayejibu."

Akasimama na taulo begani. Rangi ilimtoka.

"Labda kwako zinashika," akasema.

"Kwangu zinashika, kwako hazishiki. Hedifoni zinachagua mtu? Chiriku, mimi si mtoto mwenzio. Kama hutaki kazi sema, usinipeleke kwa watu kugombana nikaonekana mwehu."

Hakujibu. Yeye, ambaye hajawahi kukosa jibu. Akaingia chumbani, na siku tano nyumba yetu ilikuwa na salamu tu. Siku tano zile, ningeweza, ningezirudisha kwa gharama yoyote.

Jumamosi alikuja na barua. Kurasa zikirudi tena na mapengo, majaribio yanaishia hapo. Nilipoisoma hasira zikaisha, nikabaki na hofu. Nikamwambia, twende kwa Mama Chaji, nitamwangukia, atupe jozi nzuri kuliko zote.

Mama Chaji aliponiona akasema, "Karibu, umekuja na polisi au peke yako?" Nikamwomba radhi. Akatikisa mkono, yamekwisha, akamtazama Chiriku. Nadhani alimtazama vizuri kuliko nilivyomtazama mimi wiki tatu zote, maana aliacha mzaha.

"Mwanangu, zivae hizi zako. Weka ile kazi yako. Unamsikia nani?"

"Anayeuliza."

"Sasa zigeuze. Kulia iende kushoto."

"Hazigeuzwi," Chiriku akasema haraka. "Zina alama. Ukigeuza, sauti inaharibika."

"Haiharibiki kitu. Geuza."

"Nimesema hazigeuzwi!" Akashika vile vimito kwa mikono miwili, akavikandamiza kichwani.

Hapo nikajua kuna jambo. Mtoto anayelalamikia hedifoni mbovu angefurahi kuzijaribu kila namna. Nikamsogelea. Nilimtoa vidole kimoja kimoja, taratibu, kama ninavyochomoa pini kwenye nguo iliyovaliwa. Nikazigeuza, nikamvisha.

Chiriku alitazama sakafu.

"Unamsikia nani?" nikamuuliza.

"Anayejibu."

"Na anayeuliza?"

Akatikisa kichwa. Machozi yakaanza kudondoka kwenye waya za watu.

Mama Chaji akavuta mlango wa duka nusu, akasema kwa sauti ya chini, "Hedifoni ni nzima, dada. Mpeleke hospitali. Leo, usisubiri Jumatatu."

Tulipelekwa kwa mpimaji wa masikio. Ana chumba kidogo ndani ya chumba, kuta zimefunikwa sponji, na dirisha la kioo. Chiriku alikaa ndani na hedifoni kubwa za kupimia, akaambiwa ainue mkono kila akisikia mlio. Mimi nilikaa nje, nyuma ya mpimaji, naona kidole chake kinabonyeza. Sikio la kulia, akibonyeza, mkono unainuka. Akibonyeza, unainuka. Akahamia la kushoto. Akabonyeza. Akazungusha kitufe, akabonyeza. Akazungusha tena. Mwanangu amekaa wima, mkono juu ya goti, ananitazama kwa kioo akisubiri aanze. Na yule alikuwa ameshaanza zamani.

Nilitaka kuinua mkono mimi.

Mpimaji alikuwa kijana mpole. Akaniuliza, "Lilianza lini?"

"Jumatatu. Wiki ya tatu sasa."

Akaacha kuandika. "Mama, sikio la ndani likizima ghafla namna hii, tunahesabu siku. Dawa inasaidia zaidi ikiwahi, siku za kwanza, wiki mbili hivi. Tutampa, lakini sitakuahidi."

"Ni hedifoni zimemfanya?"

"Huenda sizo. Mara nyingi hatujui sababu. Ila amekuwa akiongeza sauti mpaka mwisho, siyo? Basi hilo la kulia ndilo lililobaki. Alilinde kama mboni ya jicho."

Alikunywa vidonge alivyopewa. Tukarudi kupimwa mara mbili. Kilichorudi ni kidogo, ngurumo za lori na mlango ukibamizwa. Maneno hayakurudi. Mlio wa friji upo hadi leo.

Kwa msimamizi nilitaka kwenda naye, akakataa, akaenda mwenyewe kumweleza. Kumbe mashine ile inaweza kuwekwa ili muulizaji na mjibuji waje wote sikio moja. Ni kubonyeza tu. Sasa wanakuja pamoja, wakizomeana hawezi kuwatenganisha upesi, anarudia mara tatu, na ukurasa unamchukua muda. Msimamizi amesema ataangalia mpaka mwisho wa majaribio. Hakuna ahadi hapo. Tunasubiri.

Juzi alikuwa anakula, mimi nimekaa upande anaosikia. Nikamuuliza lile lililokuwa likinila.

"Ulijua lini?"

"Jumanne ile ya kwanza. Nilizigeuza chooni ofisini."

"Jumanne! Na ukaniacha nigombane na Mama Chaji?"

"Nilidhani zikipatikana zenye nguvu zaidi zitapenya." Akakoroga chakula. "Mama, kazi yangu ni kusikia. Ningesema sikio, wangenitoa. Na wewe ungeniambia niache kazi siku hiyo hiyo."

Ndivyo ningemwambia. Ananijua.

Sasa nakuomba, wewe unayesoma. Mtoto akikuambia hedifoni zimekufa upande mmoja, zigeuze kichwani mwake siku hiyo hiyo. Ukimya ukihamia sikio la pili, hedifoni ni mbovu, nenda dukani ukagombane. Ukimya ukibaki sikio lile lile, acha ulichoshika mwende hospitali, usingoje lizibuke. Na ukiona amekuwa mkimya, usimrushie chaki. Muulize kwa namna ambayo hata jibu baya ataweza kulitoa. Siku kumi na tisa mwanangu alikuwa na jibu mdomoni, na mimi nilikuwa natafuta hedifoni.