Usingizi wa Baukje

Saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, Hiltsje Wiarda alijimiminia kahawa, akakata kipande cha mkate wa sukari, akafungua kompyuta juu ya meza ya jikoni. Tangu amzike mumewe, miaka sita sasa, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya asubuhi: kutia nukuu za vitabu vya zamani katika kamusi ya mtandaoni ya Kifrisia, lugha ya kaskazini mwa Uholanzi, ili kila neno liwe na sentensi ya kuonyesha kwamba watu waliishi nalo.

Kitabu alichokinukuu zaidi kilikuwa cha mwaka 1908, cha mchungaji wa zamani wa kanisa la kijiji chake, Wopke Hanenburg, kuhusu maisha ya jikoni na mashambani. Hiltsje mwenyewe ndiye aliyekitengenezea kiolezo. Alijaza mara moja tu jina la mwandishi, jina la kitabu, mwaka na mji kilikochapwa. Tangu hapo, yeyote aliyetaka kukinukuu aliita kiolezo hicho, akaweka namba ya ukurasa na sentensi yake, na mengine yakajiandika yenyewe. Kurasa mia nne na kumi na mbili za kamusi zilikuwa zimeshakitumia.

Siku hiyo alikuwa kwenye neno la ule ubaridi unaopenya chini ya mlango. Akaweka ukurasa wa 63, akaanza kunakili sentensi huku akiisoma kwa sauti. Alipofika katikati, mtu nyuma yake akaimalizia.

Aligeuka. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu alikuwa amekaa kando ya jiko, kavaa aproni na soksi nene za sufu. Viatu vyake vya mti alikuwa ameviacha nje ya mlango wa nyuma. Hiltsje alipoviona akajua huyu kalelewa vizuri, akamtolea kikombe.

"Sinywi, asante," mgeni alisema. "Nimekufa mwaka 1913. Kifua."

"Pole."

"Nimeshapoa."

Aliitwa Baukje Tolsma. Hawakujua nani amwamkie nani, maana Baukje alikufa na miaka thelathini na minne, ila alizaliwa kabla ya bibi yake Hiltsje. Wakaafikiana kuitana dada. Hiltsje akampa kisu na beseni la viazi, kwa kuwa mikono ya mgeni ilikuwa haitulii, na Baukje akamenya huku akieleza.

Alikuwa mtumishi wa ndani kwa mchungaji. Jioni aliandika kwenye madaftari ya shule yaliyobaki na nafasi. Mchungaji akaomba kuyasoma, akasema atayasahihisha. Mwaka uliofuata kitabu kikatoka na jina la mchungaji. Baukje akapewa nakala moja na aproni mpya. Madaftari yalitumiwa kuwashia moto ofisini kwa mchungaji.

"Ni aproni hii?" Hiltsje aliuliza.

"Hii hii. Nzuri, haipauki."

Hiltsje alilijua kaburi la mchungaji. Lilikuwa na jiwe refu mlangoni mwa kanisa, na kila Jumapili alilipita akiwa na peremende ya kumung'unya wakati wa mahubiri mfukoni. La Baukje, kama ilivyo desturi ya huko, lilikodiwa miaka thelathini, kisha likasawazishwa akalazwa mtu mwingine. Jina lake halikuandikwa popote.

"Sikuja kudai sifa, dada," Baukje alisema. "Nataka kulala. Kila mara mtu anapoweka sentensi yangu chini ya jina la mchungaji, mimi ndiye ninayeamka. Jana nimeamka mara tisa. Kuna mtu huko Leeuwarden yuko kwenye herufi K."

"Mchungaji je?"

"Yeye analala. Aamke kwa nini? Si sentensi zake."

Hiltsje alifikiria amri ya nane, usiibe, na amri ya tisa, usishuhudie uongo. Akakumbuka kwamba kiolezo kile, muhuri wa jina la mchungaji, kakichonga kwa mkono wake. Akafungua kiolezo, akafuta Wopke Hanenburg, akaandika Baukje Tolsma. Kurasa mia nne na kumi na mbili zikabadilika kwa mpigo. Baukje akaweka kisu chini, akalaza kichwa mezani kando ya maganda, akalala.

Simu ikalia. Alikuwa Sytse, mwalimu mstaafu wa mji wa Dokkum anayekagua kila badiliko la kamusi.

"Mama Hiltsje, umebadilisha mwandishi."

"Nimesahihisha."

"Chanzo chako?"

"Kipo hapa mezani. Kimelala, usipaze sauti."

"Ni marehemu?"

"Ndiyo."

Sytse alishusha pumzi. "Suala la marehemu tulilipigia kura mwaka juzi, mama. Tunaandika kilichochapwa kwenye ukurasa wa jina la kitabu. Tukimpokea mmoja, kila mtu ataleta wake. Mimi mwenyewe nina shangazi hapa, haniachi nimalize herufi S."

"Unadhani nasema uongo?"

"Nakuamini kabisa. Ndiyo maana nimekupigia kabla sijarudisha."

Akarudisha. Baukje akainua kichwa. Ganda la kiazi lilikuwa limemganda shavuni.

"Nimelala muda gani?"

"Dakika kumi na moja."

"Si haba," alisema, akachukua kisu.

Siku hizi kurasa zimefika mia nne na thelathini, na jina juu ya kila moja ni la mchungaji. Hiltsje ananunua viazi vingi kuliko anavyoweza kula. Vilivyomenywa huwapelekea majirani. Kila Jumanne saa nne hulifuta jina lile na kuandika la Baukje, na Sytse hulirudisha, maana ndiyo kanuni. Hapigi simu tena. Ila ameanza kumaliza kwanza kahawa yake kabla hajalirudisha, ili Baukje alale zaidi, na Jumanne iliyopita, kwa mujibu wa saa ya ukutani, alikunywa vikombe viwili.