Gunia la Maharage ya Njano

Kwenye soko la Kasulu, katika kibanda chenye bango la "Mama Moses Nafaka", lilikuwapo gunia moja lisilouzwa. Lilikaa nyuma ya mizani, limeshonwa mdomo, na kila mteja aliyelisogelea alipewa jibu lile lile: "Hilo limeshanunuliwa. Mwenyewe anakuja." Wafanyabiashara wa soko lile hawana jambo wasilolifanyia utani, wanacheka hadi mizani ya jirani. Kwa gunia lile walinyamaza. Walimjua mwenyewe, na walijua kwamba duara, lile shimo la dhahabu alimokuwamo, lilifukiwa tangu masika ya mwaka jana, na halijamrudisha.

Immakulata, huyo Mama Moses wa bangoni, naye alijua, ila hakutaka kujua. Kuna tofauti, waulize waliofiwa.

Moses, mwanawe wa kwanza, alikwenda machimboni upande wa Geita akisema anatafuta mtaji. Mvua zikanyesha siku mfululizo, duara likatitia na watu ndani. Waliookolewa waliokolewa, waliotolewa wamekufa walizikwa, na Moses hakuwa kwenye kundi lolote kati ya hayo. Stanislaus, shemeji yake Immakulata, alipiga simu kutoka Kumsenga, kule Kibondo, akataka watu wakae matanga. Immakulata alimjibu, "Nizike nini? Shati?" Kisha akazima simu, akajifungia ndani.

Sasa, msiba usio na mlango watu wauingilie wapi? Majirani, waumini wenzake, ndugu wa Kumsenga na Munanila, wote walitaka kutoa rambirambi na simu ya mfiwa haipatikani. Lakini bangoni pale kibandani palikuwa na namba ya malipo, kubwa, ya rangi nyekundu, ile wateja wanayolipia nafaka. Kila mtu alikuwa nayo. Basi wakatumia hiyo hiyo. Walilia, wakabonyeza, na mtandao, ambao haujui kulia, ukaandika kwamba Mama Moses ameuza.

Miezi ikapita. Hela ile hakuigusa mwanzoni, kisha ada ya mdogo wake Moses ikadaiwa, kibanda kikadaiwa pango, ikaondoka yote. Mwaka ulipogeuka akaitwa ofisi ya mapato kwa ajili ya makadirio ya kodi.

Afisa aliyempokea aliitwa Nurudini, kijana wa Tanga mwenye sauti ya taratibu. Tangu ahamie huku alikuwa amejifunza neno moja la Kiha, "Mwakeye", salamu ya asubuhi, akalitumia hadi jioni, na wenyeji walimwacha kwa sababu alikuwa mtu mwema.

"Mwakeye, Mama Moses. Karibu ukae." Akamgeuzia karatasi za malipo ya simu. "Mwezi wa nne hapa umeuza kuliko miezi mingine yote ukiijumlisha. Ni kweli?"

"Biashara ilikuwa nzuri."

"Wanunuzi wa Kumsenga, wa Munanila, wa kambi ya wakimbizi Nyarugusu, wote siku zile zile?"

"Walipenda maharage."

Nurudini alikuna kidevu. "Mama, tunatoza kodi mauzo tu. Kama humu kuna mkopo, mchango, rambirambi, hiyo si mauzo, tunaitoa kwanza ndipo tukadirie. Unaniletea barua ya mtendaji kwamba kulikuwa na msiba, na maelezo yako mwenyewe yenye sahihi..."

"Nani amekufa?" Immakulata alisema, kwa sauti iliyowafanya watu wa dirisha la pili wageuke.

Kijana akainamisha macho. "Sijasema kuna aliyekufa, mama. Nimeuliza."

"Walinunua maharage. Andika hivyo."

Akaandikiwa, kwa penseli, na akapewa wiki ya kufikiri. Kiasi kile kingekula mtaji, kisha kibanda, kisha mwaka wa masomo wa yule mtoto aliyebaki. Immakulata alitoka jengoni. Alikuwa tayari kulipa. Kusaini kwamba Moses amekufa, na asaini yeye aliyemzaa, huko ndiko alikoona kumfukia kwa mikono yake.

Tatizo la ujasiri wa namna hiyo ni kwamba nao unahitaji hela. Ikabidi ampigie Stanislaus kumwomba mkopo.

Stanislaus hakutuma mkopo, alikuja mwenyewe. Alishuka basi na vumbi la Kibondo mabegani, akaketi kwenye debe lililofunikwa, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akatoa mfuko wa nailoni, na ndani yake barua ya mtendaji iliyopigwa mhuri tangu mwaka jana.

"Imenisubiri," alisema. "Kama na mimi nilivyosubiri. Mulamu, shemeji yangu, ukoo mzima haujaganduka. Mwanangu Divine ana mchumba, na wakwe wananiuliza, tutaleta ng'ombe kwenye nyumba ya matanga?"

Huko kwao matanga hayaishi yenyewe. Lazima ifike siku ya kuganduka, ndugu wakutane, wale, wanywe, wamseme marehemu kwa wema, kisha wafiwa waruhusiwe kucheka tena. Immakulata alikuwa ameikatalia siku hiyo, na kwa kuikataa amewafungia kicheko watu wote wa jina lake.

"Moses hajaonekana," alisema. "Sijamwona amekufa."

"Hata mimi sijamwona. Nilimbeba mgongoni yule mtoto, au umesahau?" Sauti ya Stanislaus ilitetemeka, akaikaza kwa hasira, maana wanaume wa kule ndivyo wanavyolia. "Lakini usimdanganye afisa kwamba tulinunua maharage. Mimi niliuza mbuzi. Na yule Mkongomani wako wa kambini, Consolée, anayepika vitumbua, naye alinunua gunia?"

Immakulata akachukua simu. Ujumbe wa sauti wa Consolée ulikuwamo tangu mwezi ule wa nne. Aliusikiliza neno la kwanza tu, "pole", akaufunga. Sasa aliufungua, labda kwa kumkomoa shemeji yake, labda kwa kuchoka.

"Pole, Mama Moses," sauti ilisema, na nyuma yake kuku wakilia. "Miye nimeuzisha bunga ya mgao, ya mwezi huu. Iko kidogo tu. Hawaniruhusu kutoka kambini nije nilie na weye. Basi hii ndiyo machozi yangu, pokea."

Unga wa mgao wa mwezi mzima! Immakulata alijua maana yake. Alijua watoto wa Consolée ni wangapi, na mgao ulivyopunguzwa. Mtu amekaa na njaa ili amlilie Moses, na yeye Immakulata amekwenda kumwita mteja mbele ya serikali. Aliona aibu, aibu ya kweli. Mwaka mzima alidhani anamlinda mwanawe, kumbe alikuwa anawanyang'anya watu machozi yao.

"Nipe kalamu," alisema.

Aliandika maelezo yake, akayasaini pale pale juu ya mizani. Stanislaus akageuka upande, akajifanya anakagua mahindi.

Kesho yake waliketi wote watatu ofisini. Nurudini alikuwa akisoma jina, Immakulata anajibu, kijana anakata kwa rula. Huyu? Rambirambi. Na huyu? Rambirambi, tunaimba naye kwaya. Huyu wa Munanila? Mjomba wangu. Neno lile lilikuwa gumu kwenye majina ya mwanzo, kisha likawa linatoka lenyewe pamoja na machozi, na hakuyafuta. Alipofika kwa Consolée alisema, "Huyu muandike vizuri," ingawa hapakuwa na cha kuandika ila mstari. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini siku ile aliona orodha ndefu ya watu waliojaribu kuujua.

Nurudini alipomaliza alirudi juu, akasita.

"Kuna huyu mmoja nilimruka. Ni kabla ya wengine wote. Moses Nduwayezu."

"Ni yeye mwenyewe," Immakulata alisema. "Asubuhi ile. Kabla hajashuka duarani."

Moses alikuwa amempigia simu baada ya kulipa, akicheka. *Mama, leo na mimi ni mteja wako. Nipimie gunia la maharage ya njano, usinipunje kwa kuwa ni mwanao. Nikija nalibeba.* Naye alimpimia siku hiyo hiyo, akamwongezea na kisado cha juu, akalishona mdomo.

"Pole sana, mama," Nurudini alisema kwa upole. "Hii nayo tunaitoa. Mtoto kumtumia mzazi hela si biashara." Akaweka rula.

Immakulata aliishika rula kwa kiganja.

"Hiyo usiikate."

"Mama, inakupunguzia kodi."

"Hao wote wamemlilia, nimekubali, umewakata. Huyu hakuleta rambirambi. Alinunua maharage kwangu, akiwa mzima, akalipa. Hayo ni mauzo. Iache, nitailipia."

Nurudini alimtazama Stanislaus, Stanislaus akatazama dirishani. Kijana akainua rula, akaandika upya hesabu, na makadirio yakatoka madogo, mtu wa kibanda anayaweza. Alipowasindikiza mlangoni alisahau hata kusema mwakeye.

Sokoni jua lilikuwa kali. Stanislaus alikwenda kuulizia basi la Kibondo, na kabla hajaondoka walikuwa wamekubaliana mwezi wa kuganduka, baada ya mavuno. Immakulata alifungua kibanda, akalivuta lile gunia hadi mbele. Vumbi laini la kubunguliwa lilikuwa limeanza kuvuja kwenye mshono. Akachukua kisu, akakata uzi, akamwaga kwenye ungo, akaanza kupepeta, kuyatenga yaliyotobolewa na yaliyo mazima ya kupikia watu siku ya kuganduka.

Mama mmoja mgeni, asiyejua habari za soko lile, akasimama. "Mazuri haya ya njano. Kilo bei gani?"

"Yameshanunuliwa," Immakulata alisema.

"Ah. Mwenyewe anakuja lini?"

Alishika ungo kwa mikono yote miwili.

"Mwenyewe ni mwanangu," alisema. "Amekufa."