Mkono wa Kushoto wa Demarius

Mwaka ule wa kesi, mkono wangu wa kushoto haukutulia. Nikiosha vyombo, sahani inaniponyoka. Nikikaa kibarazani, unapapasa goti kama unatafuta kifungo kilichoanguka. Mjukuu wangu Janiya alikuwa akiniambia, "Bibi, tulia basi, unanichosha macho." Nasema haya, natulia, halafu kabla hajageuka nimeshaanza tena.

Katika kanisa letu la Mlima Nebo, hapa Georgia, Marekani, mimi ndiye mkuu wa wahudumu wa mlangoni. Ibada ikishaanza, mhudumu hasemi kwa mdomo, anasema kwa mikono. Wa kulia unanyooka, kiganja kikitazama juu: karibu, pita. Wa kushoto unakunjwa ngumi na kuwekwa mgongoni, juu kidogo ya mkanda, na haushuki mpaka mtu amepita. Glavu nyeupe zilizopigwa pasi, viatu vinavyong'aa, tumbo ndani. Nimewafundisha watoto wa mtaa wetu hivyo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.

Demarius Pettway nilimpokea akiwa na pengo la meno ya mbele. Alipofikia kuwa kijana mrefu wa kuinamia milango, mkono ule ulikuwa umeshamwingia mwilini. Hata gari la mama yake alilifungua hivyo hivyo, kulia mbele, kushoto mgongoni. Wasichana wakimcheka, "We Demarius, hapa si kanisani!" naye anazidi kuinama makusudi, mpaka wanakimbia.

Jumatano moja jioni alitoka mazoezini kwangu, akapitia kituo cha mafuta kununua soda. Wakati anatoka dukani akakutana mlangoni na Cole Harbin, yule mzungu anayeuza nyavu na ndoano karibu na daraja. Walikuwa wametoka kupigiana honi, wakigombea nafasi ya kuegesha. Harbin akampiga risasi, akamuua. Polisi walipofika, alisema amejihami: kijana alipeleka mkono nyuma kuchomoa bastola. Bastola haikuwepo. Palikuwa na chupa ya soda, ambayo mtoto wa watu alikuwa ameibana kwapani.

Kamera ya duka ilinasa, lakini vibaya. Picha ina ukungu, sauti hakuna, na kioo cha mlango kinarudisha mwanga wa taa. Ndiyo maana kila mtu aliona alichotaka. Runinga moja ilimwonyesha Demarius kwa picha aliyovaa kofia akiwa amenuna, nyingine kwa picha ya suti yake ya kanisani. Harbin naye huku alikuwa na bunduki, kule alikuwa amembeba mbwa. Wazungu wa upande wa pili wa reli walibandika kwenye pikapu zao maneno ya haki ya kujilinda. Watu wetu weusi waliandamana wakiwa na fulana zenye mchoro wa Demarius ameinua mikono yote miwili. Kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akijaza mafuta, akasema aliona mikono yote juu. Basi ikawa hivyo. Ikachorwa hata ukutani kwa kinyozi.

Mimi video niliiona kwenye simu ya Janiya. Niliona bega la kushoto likirudi nyuma na mkono wa kulia ukifunguka taratibu. Nikamwambia, "Rudisha." Akarudisha. "Rudisha tena." Mara ya tatu nikaenda jikoni nikafungua bomba la maji, sikujua kwa nini. Demarius hakuinua mikono. Alikuwa anampisha yule mtu mlangoni, kama nilivyomfundisha.

Nikaenda kwa mama yake, Earnestine, ambaye ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana. Nilimkuta akikunja fulana za maandamano, ndogo huku, kubwa kule. Nikamweleza. Hakuacha kukunja.

"Kwa hiyo unataka kwenda mahakamani kusema Harbin hakudanganya," alisema.

"Mkono ulikuwa mgongoni, Earnestine, lakini si kwa alivyodai yeye."

"Wewe Ozella, nani atasikiliza hiyo 'lakini'? Watasikia mgongoni, watafunga masikio, waende kula."

"Mawakili wake wana wataalamu wa kuisafisha video. Mkono ule utaonekana. Ukionekana na sisi tumeshika fulana za mikono juu, nani atatuamini kwa lingine lolote?"

"Nimesimama mbele ya kamera, nimesema mwanangu alinyoosha mikono juu. Sasa unanifanya mimi mwongo?"

"Hukuwepo, dada. Uliambiwa."

"Na wewe ulikuwepo?" Aliipiga fulana mezani. "Basi nenda. Nenda ukawaonyeshe mazoezi yako. Ila ukishatoka huko, kwangu usipite."

Nilikaa wiki nzima nikizunguka nyumba. Napanga mapepeo ya kanisani, nayapangua. Naoka keki ya siagi, nasahau siagi. Mwisho nikampigia mwendesha mashtaka, nikamwambia ninachokijua, naye akaniita kuwa shahidi.

Siku ya kutoa ushahidi nilivaa gauni la buluu, nikaacha glavu nyumbani nisionekane nimekuja kuigiza. Earnestine alikaa mstari wa mbele akiwa na fulana yake. Hakunitazama. Nikaeleza habari za mlangoni, nikasema nimemfundisha kwa miaka. Kisha akaja wakili wa Harbin, mtu mpole, mwenye sauti ya kumbembeleza mgonjwa.

"Mama Tisdale, wewe unamjua kijana huyu kuliko sisi sote."

"Ndiyo, bwana."

"Basi tuambie. Kabla ya risasi, mkono wake wa kushoto ulikuwa wapi?"

"Mgongoni."

"Mgongoni. Asante sana, mama. Sina swali lingine."

Nyuma yangu ukumbi ukanung'unika kama mzinga uliopigwa jiwe. Mwendesha mashtaka akasimama haraka, akaniomba nionyeshe jinsi ulivyokuwa. Wakili akapinga, jaji akaruhusu. Nikasimama mbele ya jopo la raia kumi na wawili waliochaguliwa kuamua kesi, nikanyoosha wa kulia, nikaweka wa kushoto mgongoni. Mkono wangu, ambao mwaka mzima haukutulia, ukatulia.

Na hapo nikaona kitu. Mzee mmoja wa jopo, mzungu mwenye shati la miraba na miwani ya kamba, aliinama pembeni kidogo. Alikuwa anachungulia nimeshika nini nyuma. Mimi, ajuza wa kanisani, na mkoba wangu nimeuacha kitini! Nikageuka polepole nikawaonyesha ngumi tupu. Sijui kama mzee yule aliona ngumi, au bado alikuwa anatafuta kitu.

Jioni runinga ikasema shahidi wa mashtaka amekiri mkono ulikuwa mgongoni. Redio yetu wenyewe haikuwa na huruma. Mtu alipiga simu akasema, "Huyo bibi amemuuza mtoto wetu." Mwingine akajibu, "Acha ujinga, bibi kasema kweli, shida ni wasikilizaji." Wakatukanana mpaka matangazo ya godoro. Dukani yule dada wa kukata nyama, ambaye huwa ananiongezea mfupa, alinipimia bila mfupa.

Jopo likajifungia siku kadhaa, likatoka limeshindwa kukubaliana. Wengine walitaka kumtia hatiani, wengine hawakutaka. Kesi ianze upya, wakasema, na jopo jipya. Harbin akarudi kwenye ndoano zake akingoja, na mimi nikajua nitaitwa tena kusema lile lile neno moja.

Jumapili iliyofuata tulipojipanga, Janiya alinivuta pembeni. "Bibi, mama za wenzangu kadhaa wamewakataza kuweka mkono nyuma. Wanaogopa watazoea, watoke nao barabarani. Leo tunaweka wapi?"

"Kila mtu aweke anapoweza," nikasema. Basi wakasimama hovyo, huyu tumboni, yule ubavuni, mwingine mfukoni, kama nguo zilizoanikwa na mtu mwenye haraka.

Ibada ilikuwa imeanza Earnestine alipofika. Hakuvaa fulana. Alivaa gauni la kijivu na ile kofia aliyonunuliwa na Demarius. Tangu siku ya fulana hatukuwa tumesemezana. Mlango wa pembeni ulikuwa wazi, angeweza kupita huko. Alikuja kwangu, akasimama.

Nikanyoosha mkono wa kulia. Hakupita. Alikuwa anautazama wa kushoto, uliokuwa ukisugua gauni langu bila adabu. Waimbaji wakamaliza ubeti, wakaanza mwingine. Nikaukunja, nikaupeleka mgongoni.

Earnestine akainama pembeni, kama yule mzee wa jopo, akatazama nyuma yangu. Kisha akasogea mpaka kofia yake ikagusa sikio langu.

"Upandishe kidogo," alinong'ona. "Yeye alikuwa anauweka juu zaidi. Ukienda tena mahakamani, waonyeshe hivyo."

Nikaupandisha. Akapita.