Ukurasa wa Mume Aliyepotea

Mume wa msusi alitoweka kwenye foleni ya dawa. Mkewe alimwacha amekaa benchi, akaenda dirishani kuchukua vidonge. Aliporudi, benchi lilikuwa tupu. Tangu mwanamume huyo alipoanguka kutoka kwenye ngazi akipaka rangi ghorofa ya watu, kumweleza jambo kulikuwa kutia maji kwenye pakacha.

Msusi alituma picha yake kwenye makundi yote ya simu. Ujumbe ukazunguka, na kila aliyeupokea akautia chumvi. Ulipomrudia mwenyewe, ulisema anatafutwa mwizi wa watoto, akionekana apigwe. Aliusoma amesimama saluni, mikono imejaa mafuta.

"Wataniulia mume wangu," alimwambia wifi yake, karani wa shule.

"Tumfungulie ukurasa wake mtandaoni," wifi alisema. "Maneno yawe yetu, asiwepo wa kuyachezea. Mtu akileta uzushi, anatumiwa anwani, anasoma ukweli."

"Mimi kompyuta hata kuiwasha sijui."

"Na mimi ukurasa sijawahi kutengeneza. Tutajifunza. Kaka yangu huyo."

Wanafunzi walipoondoka, walijifungia ofisini.

"Hapa waifai ipo?" msusi aliuliza.

"Wifi ni mimi tu, na mimi mwenyewe leo nakatikakatika."

Walicheka kidogo, kisha wakaona aibu kucheka. Wifi alisoma maelekezo kwenye simu, msusi akabonyeza herufi kwa kidole kimoja. Juu jina, kwa maandishi makubwa. Chini yake aya moja: si mwizi, ni mgonjwa, husahau, ukimwona mkalishe, mpe maji, piga namba hii. Picha ikagoma. Mahali pake kilitokea kisanduku kitupu.

"Hata humu hayumo," msusi alisema, akaangua kilio.

Wifi alihangaika mpaka akagundua picha ilikuwa kwenye folda nyingine. Akaihamishia kwenye folda ya ukurasa, na uso ukatokea. Wakanakili anwani, wakaituma kila mahali, wakasubiri. Siku mbili simu haikulia. Hatimaye mteja mmoja wa saluni akasema, "Dada, ile anwani yako haifunguki."

Wifi aliitazama upya, akajishika mdomo. "Ukurasa tumeuhifadhi humu humu kwenye kompyuta ya shule. Hatukuupandisha mtandaoni. Aliyeuona ni mimi na wewe tu."

Msusi hakumgombeza. "Upandishe sasa."

Walijisajili kwenye huduma ya bure ya kuhifadhi kurasa, wakapandisha maandishi na picha. Safari hii waliufungua kwanza kwenye simu ya msusi, wakahakikisha. Kesho yake mlinzi wa kiwanda cha matofali akapiga.

"Mama, huyu mtu alikuwa hapa. Ametupakia chokaa ukuta mzima, na hakuna aliyemtuma. Lakini juzi vijana walimfukuza kwa mawe, wakisema ndiye yule mwizi wa watoto. Alishika barabara ya bondeni, anachechemea."

Juzi, ukurasa ulikuwa bado umelala shuleni. Wifi alikaa chini palepale sakafuni. "Nimemponza kaka yangu."

"Nyanyuka. Utajilaumu tukishampata."

Walishuka barabara ile wakibisha mlango kwa mlango, simu mkononi. Penye gereji, kijana mmoja aliusoma ukurasa mpaka mwisho, akarudisha simu bila kumtazama msusi usoni.

"Yuko zahanati, pale mbele," alisema. "Sisi ndio tuli..."

Walimkuta ameketi kitandani, kichwa kimefungwa bendeji, jicho moja limevimba. Dada yake alibaki mlangoni akilia kimyakimya. Mgonjwa alimtazama mkewe kwa adabu, kama mtu anayetazama mgeni.

"Shikamoo, mama."

Msusi aliufungua ukurasa. Alimpa simu. Mumewe alisoma polepole, akifuata mistari kwa kidole chenye madoa ya chokaa.

"Huyu mtu anatafutwa," alisema.

"Ndiyo."

"Mkewe atakuwa anateseka."

"Anateseka sana."

Akatikisa kichwa kwa huruma, akamrudishia simu, kisha akajisogeza pembeni mwa kitanda. "Kaa basi, mama. Unaonekana umetembea mbali."

Msusi akakaa.