Hodi ya Konstebo Athanasi

Mwaka ule wa themanini na tatu sukari ilikuwa adimu hapa Dutwa kuliko mvua ya Agosti. Foleni ya duka la kijiji ilikuwa ndefu hivi kwamba nilimwona mtu kwa macho yangu akiingia na kichwa cheusi, akafika dirishani ana mvi. Kama huamini kamuulize, ingawa sasa zimezidi.

Ndiyo miezi serikali ilipokuwa inawasaka wahujumu uchumi. Redio ikiwataja walanguzi jioni, hata mwenye kipande kimoja cha sabuni alikitazama kwa wasiwasi. Jirani yangu Masele alikuwa anamwoza binti yake Justina Jumamosi, na uvunguni mwa kitanda cha mama yake, Bibi Kabula, kulikuwa na sanduku la bati lenye kilo ishirini za sukari. Tuliolijua ni watu wa nyumba ile na mimi.

Mimi nilikuwa tarishi wa mahakama ya mwanzo. Sheria sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kitabu kilichotupwa stoo, ambacho mchwa walikuwa wamekisoma kabla yangu. Kurasa walizoniachia nilizikariri zote.

Jumatano asubuhi Konstebo Athanasi, mgeni kituoni, alisimama mbele ya mahakama, mkono mmoja kauficha nyuma ya mgongo.

"Bwana tarishi, kwa Masele mwenye ng'ombe ni wapi?"

Nyuma ya mgongo polisi huficha nini kama si pingu? Nikamwelekeza njia ndefu ya kuzunguka lambo, kisha nikadandia baiskeli nikakata mashamba kwa kasi hata kivuli changu kikawasili baada yangu.

"Masele, polisi anakuja! Lakini hakimu yuko Maswa, hati ya upekuzi hana. Na bila hati polisi haingii nyumbani kwa mtu ila kwa mambo matatu: anamfukuza mhalifu aliyekimbilia ndani, au ndani kuna mtu anapiga yowe la msaada, au mwenye nyumba mwenyewe amemkaribisha. Kwa hiyo akipiga hodi, usiseme karibu."

Masele akanitazama kama nimemwambia aende gulioni uchi.

"Mgeni apige hodi nimnyamazie? Mimi fisi?"

"Wewe ni baba wa bibi harusi. Unataka Jumamosi ikukute mahabusu?"

Mkewe, Mektilda, hakungoja zaidi. Akafunga mlango, tukakaa gizani watatu. Bibi Kabula alikuwa kisimani.

"Hodi!"

Masele akafumbua mdomo, Mektilda akauziba.

"Hodi wenyewe!"

Masele akavua kofia akaiuma.

"Hodi jamani! Mwangaluka!"

Hapo ndipo nilipokosea hesabu. Msukuma unaweza kumnyima usingizi, lakini huwezi kumnyima kujibu salamu ya asubuhi.

"Mwangaluka," akajibu Masele, kofia ikamdondoka.

"Ah! Kumbe mpo!"

"Hatupo," nikasema mimi.

Sauti ya nje ikabadilika.

"Huyo si tarishi? Nimemwacha mahakamani! Humo ndani mna nini?"

"Hamna kitu, afande! Na hati huna! Sheria naijua, mambo ni matatu tu!"

"Ni manne, bwana. La nne ni polisi akiwa na sababu ya kushuku, tena akiona kwamba akingojea hati kitu kitaondolewa. Mimi nimekuja sina shaka na mtu. Sababu mmenipa nyinyi. Huku kwenu mtu huitikia hodi hata akiwa anakata roho!"

Nikawakumbuka mchwa.

"Masele," nikanong'ona, "ukurasa wa jambo la nne walikula mchwa."

"Umeniua, tarishi."

Mektilda alikwisha kujifunika kanga usoni. Wakwe gani wangechukua mke nyumbani kwa mlanguzi?

Ndipo tukasikia ndoo ikitua chini.

"Baba, mbona unakaangwa na jua?" Ilikuwa sauti ya Bibi Kabula.

"Wamenifungia mlango, mayu," konstebo akamjibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Nani? Masele!" Fimbo ikatua mlangoni mara tatu. Masele, mtu mzima wa miaka hamsini, akafungua mbio.

"Nilikuzaa uwaache wageni nje kama mbuzi?"

"Mama, huyu ni polisi..."

"Kwani polisi hana tumbo? Mektilda, uji!"

Akamshika konstebo mkono, akamwingiza, akamkalisha. Uji ulipokuja Bibi akauonja, akakunja uso kwa kukosa sukari, akainama uvunguni mwa kitanda na kulivuta lile sanduku mpaka katikati ya chumba. Sisi watatu tuliacha kupumua. Mimi mpaka leo kuna pumzi moja sijairudisha.

Athanasi akaweka mezani alichokuwa amekificha. Haikuwa pingu. Ilikuwa chupa tupu ya bia, kizibo chake gunzi la mahindi.

"Nimesikia ng'ombe wenu kazaa," akasema huku akiona haya. "Nilikuja kununua maziwa. Askari na sare yake hawezi kupita mtaani ameshika chupa ya bia." Kisha akatazama sandukuni. "Na hii mmeitoa wapi?"

"Duka la kijiji, mwanangu," akasema Bibi Kabula. "Kilo moja moja. Hii nilisimama mpaka miguu ikavimba. Hii ni ya Mektilda, siku ya mvua ya mawe. Hii tuligombana na mke wa mwenyekiti."

Athanasi akainua pakiti moja moja. Kila kilo ilikuwa imefungwa kwa kipande chake cha gazeti: moja la Oktoba, jingine la Krismasi, jingine la Pasaka. Akasoma, akacheka.

"Mlanguzi hutoka na gunia zima mlango wa nyuma. Sijamsikia aliyesimama foleni mara ishirini." Akanywa uji. "Sasa mlinifungia nini?"

Wote wakanigeukia. Nikaeleza habari ya kitabu na mchwa wangu. Bibi Kabula alisikiliza mpaka mwisho.

Jumamosi Justina aliolewa, na chai ilikuwa tamu hata nyuki walikuja bila kualikwa. Athanasi alikunywa vikombe vitatu. Nikaonja changu: maji ya moto na majani.

"Bibi, na sukari yangu?"

"Yako," akasema Bibi Kabula, akiendelea kumimina, "mchwa wamekula."